Seti ya rejeta na AC ya Porsche Boxster 986: rejeta safi, draya ya kutupa, muuzaji usiseme

Draya, kile kichupa cha chuma kinachokausha unyevu kwenye mfumo wa AC, imekuja haina vizibo. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote ya seti hii ningeyavumilia. Matundu mawili wazi, imezungushiwa mfuko wa nailoni na kufungwa kwa raba, basi. Mtu anayeuza vipuri vya AC na hajui kwa nini draya huzibwa kiwandani, afadhali auze matairi.

Ndani ya draya kuna punje za kunyonya unyevu, na zinanyonya unyevu wowote zinaoukuta, hata huu wa hewani. Ikikaa wazi stoo, punje zinashiba kabla hata hujaifunga kwenye gari. Wapo watakaokuambia vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza gesi, itaikausha. Vakyumu inatoa hewa na maji yaliyobaki kwenye mabomba; unyevu ulioshikwa na punje hautoki kwa nusu saa ya pampu. Ukijaza gesi hivyo hivyo, AC itapoa vizuri mwanzoni. Halafu maji yataganda kwenye ekspansheni valvu, kile kitundu chembamba kinachopitisha gesi, baridi itakata, utazima, barafu itayeyuka, baridi itarudi. Fundi mwenye haraka atasema gesi imepungua, ataongeza, presha itapanda na kompresa, pampu ya gesi, itaanza kulia. Tena bado hujafika kwenye asidi, maana unyevu ukichanganyika na gesi ya AC (R134a) na oili ya kompresa (PAG), unakula mfumo kwa ndani, ikiwemo evaporeta, ile sehemu ya ndani inayotoa baridi, na hiyo ndiyo hutaki kuitoa.

Nikawatumia picha. Jibu: "Bosi, hilo ni chuma tu, funga uendelee." Nikaeleza kuhusu punje, kwa adabu kabisa. Jibu la pili: "Kama fundi wako hajui kufunga, tafuta fundi mwingine." Kisha wakaomba namba ya oda, kisha kimya. Fundi yeye ndiye aliyekataa kuifunga! Alifanya sawa.

Sasa, nisiwe mnyimi. Rejeta zenyewe ni nzuri, kuliko nilivyotarajia. Mapezi yamenyooka, mirija ya alumini imeungwa vizuri kwenye matangi ya plastiki, na vishikio vinakaa mahali pake bila kulazimisha. Mwenye 986 anajua injini iko katikati lakini rejeta ziko mbele, moja kila upande, na Boxster S ina ya tatu katikati. Kila rejeta ya pembeni ina kondensa ya AC, inayopoza gesi, mbele yake. Kwa hiyo bampa ikishatoka, fanya yote mawili kwa pamoja, usije ukalipia kuitoa mara mbili. Kati ya kondensa na rejeta utakuta majani, vumbi na mifuko iliyooza. Uchafu huo unashika unyevu na kuozesha kondensa kwa nyuma, mahali ambapo ukichungulia kwa mbele huoni kitu.

Kitu ambacho seti haina, na kilistahili kuwemo, ni sponji za pembeni zinazoziba mwanya kati ya kondensa, rejeta na njia ya hewa. Watu wanazidharau. Bila sponji, hewa hupita pembeni mahali palipo rahisi, na feni huzungusha hewa ile ile ya moto. Gari likitembea husikii tofauti. Likikaa kwenye foleni, AC inapuliza vuguvugu na mshale wa joto unapanda. Hamisha sponji za zamani kama bado nzima, au kata mpya za seli zilizofungwa, zisizonyonya maji.

Ukiwa hapo hapo mbele, pima rezista za feni. Ni ugonjwa unaojulikana wa gari hili: rezista inaungua, feni inapoteza spidi ndogo na kubaki na ile kubwa tu. Washa AC injini ikiwa baridi; feni zote mbili zinatakiwa zizunguke polepole. Kama moja imelala, usilaumu gesi.

Wota pampu ya seti, inayozungusha maji ya injini, ina mapanga ya plastiki. Wengi watalalamika, mimi nasema hapo walichagua vizuri. Kwenye injini hii, pampu yenye mapanga ya chuma ikichoka beringi inaweza kukwangua bloku ya alumini, na bloku hainunuliki kama pampu. Plastiki ikivunjika, vipande huingia kwenye njia za maji na itabidi uviwinde, lakini bloku inapona. Boliti zake ni M6 zinazoingia kwenye alumini: lainisha kwa dawa ya kutu, acha zikae, fungua kwa mkono. Mashine ya upepo itazikata. Kufunga ni Nm 10 tu, kwa kupishana, uso ukiwa umesafishwa gasketi ya zamani bila kuchuna. Themostati ya seti, valvu inayofunguka maji yakipata joto, ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto kabla ya kuifunga. Hii yao ilifunguka karibu na joto lililochongwa juu yake, hilo nawapa.

Kujaza maji ndipo wengi wanapoharibu. Mfumo unachukua zaidi ya lita 15, na mabomba yanapita chini ya gari kutoka nyuma hadi mbele, kwa hiyo hewa inapata pa kujificha. Njia ya uhakika ni kuvuta vakyumu kwenye tenki lililo kwenye buti la nyuma, kungoja kuona kama mshale wa geji unasimama, kisha kuacha kulanti (dawa ya rejeta) ivutwe yenyewe, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Huna kifaa hicho? Inua waya wa valvu ya kutolea hewa pale pale kwenye tenki, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu, acha injini ipate joto, ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Hita ikipuliza baridi huku injini ina moto, bado kuna hewa. Na angalia zulia la buti: likiwa limelowa, tenki limepasuka, na hilo halimo kwenye seti.

Oringi za seti, zile pete za raba za kuziba maungio ya AC, sizifungi. Mbili zilikuwa nyembamba kuliko mfereji wake. Nunua za HNBR, raba ya kuhimili gesi na oili ya AC, kwa saizi sahihi, zipake oili ya kompresa, si grisi. Kila kipuri kipya kinahitaji oili yake: mililita 30 hivi kwa kondensa, pungufu ya hapo kwa draya. Kompresa mpya mwage oili iliyomo, pima, rudisha kiasi kinachotakiwa, izungushe kwa mkono mara kumi kabla ya kuwasha. Kama kompresa ya zamani ilikufa na kumwaga chenga za chuma, usijidanganye kuosha kondensa. Vijia vyake ni vyembamba mno, badilisha. Vakyumu dakika 30 hadi 45, funga geji, ngoja, mshale ukitikisika tafuta panapovuja. Gesi jaza kwa mizani kufuata uzito ulioandikwa kwenye stika ya gari, si kwa kukisia kwenye geji.

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota tatu, kwa heshima ya rejeta na pampu. Ila nikikumbuka "hilo ni chuma tu" zinashuka mbili. Mwingine asiyejua ataifunga ile draya kama ilivyo, ataua kompresa nzima, halafu ataambiwa abadilishe fundi. Basi ni moja. Rejeta nunueni, ni nzuri kweli, lakini kwa muuzaji mwingine, na draya chukueni peke yake, yenye vizibo, ifunguliwe dakika ile ya mwisho kabla ya vakyumu.

Na wasiniombe tena namba ya oda. Namba wanayo, picha wanazo.