Mashine ya Kuchuja Floraidi Nyumbani: Tathmini ya Mtumiaji wa Usa River

Kwa sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, pamoja na majirani zetu wa Maji ya Chai, mashine yoyote ya maji tunaipima kwanza kwa jambo moja: je, inaondoa floraidi, chumvi ya madini iliyozidi kwenye maji yetu? Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki sufuriani, na watoto wetu huendelea kuota meno ya kahawia.

Mashine niliyoinunua mjini Arusha hufungwa chini ya sinki. Maji hupita kwenye chujio la tope, kisha kwenye mkaa unaoondoa klorini isiharibu utando (ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi), ndipo husukumwa kwa nguvu kwenye utando wenyewe. Yaliyopenya huingia kwenye tangi dogo, na yaliyobaki hutoka na chumvi zake kwa mrija mwembamba. Huko Kanada, watengenezaji wa shira ya mepoli, yaani shira itokanayo na utomvu wa mti, hutumia utando wa aina hii kupandisha sukari ya utomvu kutoka takriban asilimia 2 hadi 8 kabla ya kuuchemsha, na wanachokitunza wao ndicho tunachokimwaga sisi.

Katika kazi yake kuu, mashine hii imeniridhisha kabisa. Majibu ya maabara yalionyesha kuwa maji ya bomba letu yamezidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, ilhali yaliyochujwa yalikuwa chini yake. Nasisitiza maabara kwa sababu muuzaji alitaka niridhike na kipima chake chenye umbo la kalamu, ambacho huonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka wala hakitambui floraidi.

Hakuniambia pia habari ya presha, na hili ni kosa kubwa kwa mteja wa huku. Simtanki lililoinuliwa mita 3 hutoa presha ya takriban baa 0.3, wakati utando wa nyumbani huhitaji karibu baa 3. Bila pampu, maji yaliyochujwa yalidondoka tone moja moja. Sasa pampu ipo, lakini umeme ukikatika kazi husimama, hivyo kaya isiyo na umeme wa uhakika itafaidika zaidi na chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Maji yanayotupwa ni mengi, kwangu takriban lita 3 kwa kila lita ya kunywa. Tunayakinga kwenye ndoo kwa ajili ya choo na kupigia deki, wala hatuwapi ng'ombe, maana floraidi yake imeongezeka na mifugo nayo hudhurika. Kabla ya kulipa, hakikisheni duka lina utando wa akiba wa saizi ya mashine yenu, kwani kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hadi 3.