Pauni 10 za Jumapili: klabu ya magari ya rimoti anakokimbizia Salim

Salim alipotimiza miaka 13 aliniambia anataka kwenda Mashindano ya Dunia ya magari ya rimoti. Nikamuuliza, "Mwanangu, huko watu wanajiandikishia wapi?" Hakujua, nami sikujua. Tulikuja kufahamishwa na klabu hii. Kwa kuwa wazazi wengi wa kwetu hapa Uingereza wana watoto wenye hamu hiyohiyo, nimeona niieleze, mazuri yake na kasoro zake.

Iko Midlands, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule. Njia imetandikwa nyasi bandia, na matuta yake ni ya mbao. Tunakimbiza gari la umeme la 1/10, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kiingilio cha Salim ni pauni 10, na kwa hela hiyo anapata raundi nne za kufuzu na fainali.

Ninachowasifia kwanza ni kwamba wanaendesha siku yao kwa utaratibu wa mashindano makubwa. Raundi ya kufuzu ni dakika tano, na magari hayaondoki kwa pamoja. Spika inaita jina, gari linatoka peke yake, na saa ya kila dereva inaanza pale transponda yake, kile kifaa kidogo ndani ya gari kinachosomwa na mashine ya kuhesabu, inapovuka mstari. Kwa hiyo hamkimbizani ninyi kwa ninyi, mnakimbizana na saa. Mara ya kwanza Salim hakulielewa hilo. Alimng'ang'ania mtu wa mbele yake, wakagongana, gari likapinduka miguu juu, na sekunde sita zikapotea akisubiri msimamizi wa kona aliinue. Mzee mmoja wa klabu akaja kuinama kando yake mezani: "Mwache apite. Muda wake si wako." Tangu siku hiyo mtoto anaendesha kwa utulivu ambao nyumbani sijauona.

Aliye wa kwanza katika raundi anapata pointi 0, wa pili 2, wa tatu 3, na mwenye pointi chache ndiye wa mbele. Raundi mbaya zinatupwa. Kumi bora wanaingia fainali ya kundi A, ambako sasa wote wanaondoka pamoja, mara tatu, na matokeo mawili mazuri ndiyo yanayohesabiwa.

Mzee huyohuyo ndiye aliyetuchorea ngazi nzima nyuma ya karatasi ya matokeo. Mtu hajipeleki Mashindano ya Dunia. Juu kabisa kuna shirikisho la dunia, IFMAR, na chini yake kanda nne: EFRA ya Ulaya, ROAR ya Amerika Kaskazini, FEMCA ya Asia na Australia, na FAMAR ya Amerika Kusini. Kila kanda inapewa nafasi zake, nayo inazigawia nchi. Hapa Uingereza zinapitia BRCA, chama cha taifa cha magari ya rimoti, na kinachomtoa mtu ni matokeo yake kwenye mbio za taifa. Kwa kawaida kila daraja, yaani kila aina ya gari, lina Mashindano ya Dunia mara moja katika miaka miwili, yakizunguka kanda kwa kanda, kwa hiyo ukikosa unasubiri. Aliniambia alikuwepo Romsey mwaka 1987, yalipofanyika hapahapa Uingereza, akamwona Masami Hirosaka wa Japani, kijana ambaye hajafikisha hata miaka 20, akichukua ubingwa wa magari yanayosukumwa na magurudumu manne. Hirosaka alikuja kumaliza na mataji 14 ya dunia. Salim aliposikia ule umri aliacha kula chipsi zake.

Sasa kasoro. Mwezi wa pili mashine ya kuhesabu mizunguko iliruka mizunguko miwili ya Salim. Niliisikia mwenyewe, gari lilipita bila ule mlio wa kuhesabu mzunguko. Tulilalamika kabla raundi nyingine haijaanza, wakasema hawawezi kurekebisha. Akashushwa kundi C. Mtoto alilia garini hadi nyumbani, na mimi iliniuma, maana klabu inayofundisha watoto kuheshimu saa inapaswa kuwa na mtu mwenye kalamu anayehesabu pembeni. Wiki mbili baadaye walibadilisha waya uliolazwa chini ya mstari, na tatizo halijarudi. Kuomba radhi hawakuomba.

Jambo jingine mwambieni mtoto mapema: akimaliza kukimbiza, anakwenda kusimama konani kuinua magari ya kundi linalofuata. Asipokwenda anapoteza raundi yake bora. Ni sheria nzuri sana.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mkija, fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu meza zilizo karibu na soketi za umeme huisha upesi, na chaja bila soketi ni mzigo tu. Bebeni na viti vyenu.