TAHADHARI: Muuzaji wa jumla Kariakoo anayekushtaki kimyakimya kwa deni ulilokwishalipa

Wafanyabiashara wenzangu mnaochukua mzigo kwa mali kauli (mzigo kwanza, hela baadaye) Kariakoo, habari zenu. Kuna muuzaji mmoja wa jumla wa vyombo vya ndani, sufuria, hotpoti, ndoo na seti za vikombe, ambaye mchezo wake ni huu: anakupa mzigo, unamlipa, kisha anakufungulia kesi ya madai bila wewe kujua, anashinda peke yake, na habari unazipata dalali wa mahakama, yule anayetumwa kukamata mali, akiwa keshafika mlangoni. Jina lake siliweki kwa sababu shauri bado linaendelea na wakili kanikataza. Namna anavyofanya naieleza yote, na waliopita pale watamjua.

Mzigo wa kwanza na wa pili anakupa kwa daftari tu, kama wengine wote. Mkishazoeana, umekuwa "dada yangu" na chai unaletewa, inatoka fomu ya makubaliano ya deni. Juu kuna jina lako, namba ya NIDA na mahali unapoishi. Kwenye kiasi cha deni pako wazi. "Tutajaza mzigo ukishapakiwa, dada yangu, vijana bado wanahesabu." Huku kirikuu inapiga honi, askari wa maegesho anakuja, basi mtu anasaini, anaweka dole gumba, anaondoka. Malipo nayo hayaendi kwenye lipa namba ya duka. Unaelekezwa utume kwenye simu ya kijana wake, eti lipa namba ina makato. Deni likiisha fomu hurudishiwi, utaambiwa iko kwa mhasibu, na mhasibu huyo hakuna aliyewahi kumuona.

Mimi duka langu liko Mbagala. Wakati wa fomu ile nilikuwa nimepanga Tandika, baadaye nikahama, na yeye anajua vizuri, maana mzigo wa mwisho kijana wake aliuleta mpaka Mbagala kwa mguu wake. Kesi aliyofungua imeandikwa anwani ya Tandika.

Sheria inataka mdaiwa apelekewe samansi, yaani wito wa mahakama. Sasa mpeleka samansi akirudi na kiapo kwamba mdaiwa kaonekana na kakataa kupokea, na siku ya kesi mdaiwa asitokee, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Hakimu anaona karatasi zilizo mbele yake, hawezi kwenda Tandika kugonga hodi. Huyu bwana anaijua nafasi hiyo na ndiyo anayoitumia.

Dalali alikuja asubuhi na vijana na gari. Kusema haki, alikuwa mstaarabu. "Mama, sisi tumetumwa tu." Nikamwambia sawa kaka, nionyeshe amri ya mahakama. Akanionyesha, nikaipiga picha: jina la mahakama, namba ya shauri, tarehe ya hukumu, kiasi. Yakikukuta, hakikisha hayo yote unayo kabla hamjaanza kubishana, kwa sababu bila namba ya shauri hata pa kuanzia huna. Kiasi kilichoandikwa kilikuwa zaidi ya mara mbili ya mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kuchukua kwake. Wakija nyumbani, fahamu pia kwamba Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za fundi. Bidhaa za dukani hazimo.

Nilikwenda masijala, ofisi ya mahakama inayotunza majalada, kuomba kupekua jalada, na hapo ndipo nilipoona kazi yao. Fomu yangu imo, jina na anwani kwa wino wa bluu, kiasi cha deni kwa wino mweusi na mwandiko mwingine. Nyuma yake kuna kiapo cha mpeleka samansi: eti alinikuta "nyumbani kwake Tandika", nikasoma wito, nikagoma kusaini mbele ya kiongozi wa mtaa. Chini kuna muhuri wa serikali ya mtaa. Ukiusoma ule muhuri, ni wa mtaa ulioko wilaya nyingine kabisa! Hawakujisumbua hata kutafuta wa jirani. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa niliokuwa nakaa Tandika, akanipa barua kwamba nilihama kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye kiapo. Wa Mbagala akanipa ya ukaazi. Barua hizo ndizo zilizobeba maombi yangu.

Wengi wakisikia hukumu wanawaza rufaa. Kama kilio chako ni kwamba hukuitwa, unarudi kwenye mahakama ileile iliyotoa hukumu. Amri ya IX, ambayo ni sehemu ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inakuruhusu kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe, ukionyesha kwamba wito haukukufikia kihalali au ulikuwa na sababu ya kutosha ya kutofika. Muda wake chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ni siku 30 tangu hukumu, na huo ndio mtego wenyewe, kwa sababu mshindi anaweza kukaa kimya mpaka siku hizo zipite, ndipo dalali atumwe. Zikiwa zimepita, unaanza na maombi ya kuongezewa muda chini ya Sheria hiyo ya Ukomo. Mahakama zetu hapo hazina mchezo: kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo, hata kama ni moja. Kwa hiyo tangu siku uliyoiona amri, andika ulikwenda wapi na ulimuona nani, na risiti utunze. Papo hapo omba utekelezaji usimamishwe, la sivyo utakuwa unajadili hukumu huku vyombo vyako vinapigwa mnada. Kwa Mahakama ya Mwanzo kanuni zake ni nyingine, waulize masijala siku hiyohiyo. Na msitishwe na lugha, Kiswahili ni lugha ya mahakama tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021.

Nje ya geti la mahakama kuna tahadhari nyingine. Alinifuata mtu na bahasha ya kaki mkononi: "Mama, kesi ya deni? Laki tatu tu, jalada linapotea." Mashauri siku hizi yako kwenye mfumo wa kompyuta, jalada likipotea hukumu haiendi popote, na wewe ndiye utakayekuwa na kesi ya pili. Ada halali ya mahakama hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali, ile ya tarakimu 12, haitumwi kwenye simu ya mtu. Anayejiita wakili, mtafute kwa jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa hata nauli. Asiye na uwezo aende kwenye msaada wa kisheria, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na WLAC (Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake) wapo hapahapa Dar na hawatozi ada.

Nilipofikia: utekelezaji umesimamishwa, muda nimeongezewa, maombi ya kutengua yamepangiwa tarehe. Wakili kanieleza jambo ambalo wengi hawalijui. Hukumu ikitenguliwa deni halijafutwa, shauri linaanza upya na mimi napeleka utetezi wa maandishi. Ndiyo maana nimechukua taarifa ya miamala kampuni ya simu, kila shilingi iliyokwenda kwa yule kijana inaonekana. Sasa hivi bosi anadai kijana aliacha kazi na hela hakuziona. Namba anayoikana ndiyo aliyoniandikia mwenyewe kwenye meseji, na meseji ninayo.

Tena amenipigia. "Dada yangu, tuyamalize nje, lipa nusu tu usaini." Jamani, makubaliano kama hayo yakipelekwa mahakamani yakasajiliwa, yanakuwa amri ya makubaliano, na amri ya hivyo haikatiwi rufaa. Nimemjibu tutaonana mbele ya hakimu.

Mliobaki na mzigo wake, laini ya kiasi isiachwe wazi, jazeni kwa tarakimu na kwa maneno ndipo msaini, na fomu mpige picha palepale. Lipeni kwenye namba yenye jina la biashara. Ukihama mtumie ujumbe wa maandishi wenye anwani mpya, usiufute. Na mwenye fomu ya wino wa aina mbili, au aliyekuta kwenye jalada lake muhuri wa mtaa asiowahi kuishi, anitafute inboksi na nakala. Wakili anazihitaji kabla ya tarehe ya kusikilizwa.