Oparesheni ya kiungulia sugu hapa Mombasa, naipa nyota nne

Nilifanyiwa hospitali ya praivati, jina siweki, na kwa jumla niko radhi. Kiungulia changu si kile cha kula viazi karai usiku ukanywa maziwa kikapoa, mimi nilikuwa nalala nimekaa, dawa ya kupunguza asidi, omeprazole, asubuhi na jioni na maji machungu bado yanapanda mpaka kooni. Endoskopi, kile kipimo cha kamera kupitia mdomoni, ikaonyesha hernia, yani kipande cha mfuko wa tumbo kimepanda kifuani. Daktari nilimpenda, hakukimbilia kisu, kwanza akataka kipimo cha asidi cha saa 24 na kile cha nguvu za umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, maana umio ukiwa mlegevu alafu wakaze sana chakula hakipiti vizuri. Oparesheni yenyewe, wanashusha tumbo, wanashona lile tundu lilipopitia kupanda kifuani, alafu sehemu ya juu ya tumbo wanaizungushia umio, mtindo wa daktari mpasuaji Nissen aliouchapisha 1956, siku hizi kwa vitundu vidogo na kamera.

Kilichoniudhi ni bili, pesa ya nusu kaputi haikuwa kwenye makadirio! Na hakuna aliyenambia mapema kuhusu gesi, kubeua shida, tumbo limejaa upepo. Wiki za kwanza uji na supu tu, mahamri sahau, mkate ndo unakwama kabisa. Sai nalala chali.