Sakafu ya korki juu ya mabomba ya moto: baridi mbili hapa Hamburg

Nyumba yetu hupashwa joto na maji moto yanayopita kwenye mabomba ndani ya saruji ya sakafu. Tulihamia ikiwa na marumaru. Joto lilikuja upesi, ila mimi ni muuguzi, na nikitoka zamu ya usiku nyayo zinawaka. Sikutaka tena kukanyaga kitu kigumu. Ndipo tukachagua korki, gome la mwaloni wa Ureno, lile lile la vizibo vya chupa. Mti haukatwi, hubanduliwa gome kila miaka 9 na kuota jingine.

Sebuleni tuliweka nyembamba, milimita 4, iliyogandishwa kwa gundi juu ya saruji. Chumbani muuzaji alitushawishi tuchukue mbao za korki za kupachikana, milimita 10, na sponji chini yake. Hapo tuliumia. Korki yenyewe huzuia joto, kwa hiyo kila unene unaoongeza unalibana huko chini. Uliza namba moja kabla ya kulipa: ukinzani wa joto, yaani kipimo cha jinsi sakafu inavyozuia joto kupita. Korki na chochote kilicho chini yake, kwa jumla, visizidi 0.15 m²K/W. Ya sebuleni ni 0.06. Ya chumbani, ukijumlisha sponji, inapita 0.15, na nilikuja kulisoma hilo kwenye karatasi ya bidhaa pesa zikishakwenda. Januari sebule huwa na joto kabla ya adhuhuri. Chumbani tunangoja mpaka jioni.

Fundi wa sebuleni namsifu kwa moyo wote. Alikataa kugusa gundi mpaka apime unyevu wa saruji, na maboksi ya korki yalikaa humo siku 3 yazoee hewa. Baada ya kazi alipandisha moto kidogo kidogo, siku baada ya siku, uso wa sakafu usizidi nyuzi 27 kama alivyoandika mtengenezaji.

Jua ndilo adui. Mama alikuja kutoka Tanga na mkeka wa ukindu, tukautandika karibu na dirisha. Tulipouondoa baada ya kiangazi, umbo lake lilibaki pale, la kahawia iliyokoza, huku pembeni kumepauka. Siku hizi mchana nashusha pazia. Lakini mama mwenyewe alikataa sofa. Alikaa chini na ungo wake akichambua mchele, miguu kainyoosha, akisema magoti hayamsumbui.

Ya chumbani tunaing'oa Juni, moto ukiwa umezimwa. Tutagandisha ya milimita 4, na fundi ni yule yule.