Bwawa la Rance, Ufaransa: nendeni siku za bamvua

Mimi mtoto wa Wete, Pemba, maji kujaa na kupwa si kitu kigeni kwangu. Lakini kwetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi, tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 4 hivi. Hapa Brittany, karibu na Saint-Malo, tofauti hiyo huweza kupita mita 13, na Wafaransa wameyatega maji hayo yazalishe umeme tangu 1966. Mashine 24, megawati 240 kwa jumla, na hakuna mtambo wa umeme wa maji kujaa na kupwa uliouzidi huu duniani hadi Korea Kusini walipojenga wao Sihwa mwaka 2011.

Kituo cha wageni ni kidogo na kiingilio ni bure. Kilichonishika hasa kiko nje: simama juu ya bwawa maji yanapotoka, uone povu linavyozunguka chini yako. Kisha kengele inalia, daraja linanyanyuka, foleni ya magari inasimama yote, na mashua inapita taratibu kana kwamba hakuna anayechelewa kazini. Watoto walishangilia.

Waelezeni watoto na upande wa pili. Wakati wa ujenzi mlango wa mto Rance ulizibwa miaka kama 3, viumbe wengi wakafa, na ilichukua takriban miaka 10 uhai kurudi. Tope bado linajaa hadi leo. Wavuvi wa kwetu wangeuliza hilo kwanza, kabla ya habari za megawati.

Angalieni jedwali la maji kabla ya kutoka; siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hakuna cha ajabu. Na bebeni chakula. Mkahawa tuliokula ulitutoza bei ya pweza mzima kwa mikia miwili.

Nyota 4 kati ya 5.