Uzoefu wangu: Mikumi hadi Ifakara kwa baiskeli, siku nne chini ya Udzungwa

Barabara naipa tano kwa tano. Baiskeli niliyokodi naipa mbili, na hizo mbili ni kwa sababu gia zilikuwa zinaingia vizuri na siti haikuniumiza. Naandika kwa kirefu maana naona watu wengi wanaulizia hii safari na wanaowajibu ni waliopita na gari, na mtu wa gari hawezi kukwambia kitu kuhusu upepo, kivuli, maji na pancha.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, wote wa Morogoro, mwezi wa nane. Kuanzia Moro hatukupiga pedeli, maana barabara kuu inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, malori na mabasi hayakupi nafasi na wanyama wapo kweli, tembo na nyati unawaona ukiwa kwenye siti ya basi, kwa hiyo tukaweka baiskeli kwenye buti, kondakta akataka elfu tano kwa kila moja, tukashukia Mikumi mjini tukalala hapo. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tukaiacha barabara ya Iringa, tukakata kushoto kuelekea Kidatu.

Hicho kipande cha kwanza ni kama kilomita 35 na ndicho chenye vilima. Unapanda, unashuka, unapanda tena, ila kwa jumla unashuka zaidi kwa sababu unaingia bondeni. Kidodi tukanywa chai na maandazi ya moto, hapo ilikuwa bado kuna kaubaridi. Ukikaribia mto Ruaha Mkuu hewa inabadilika, inakuwa nzito na inanukia miwa. Juu ya huo mto kuna bwawa la Kidatu linalotoa umeme megawati 204, na sisi wa Moro tumekua tunasikia jina la Kidatu kila umeme ukikatika, lakini kuvuka daraja taratibu kwa baiskeli na kuyatazama maji yenyewe yakipita chini yako ni kitu kingine kabisa.

Sasa hapo kwenye miwa kuweni makini jamani. Mwezi wa nane ni msimu wa kuvuna, trekta zinavuta matela yamejaa mpaka miwa inaburuza pembeni, na dereva anaona mbele tu, nyuma yake hajui kama mkia wa tela umekaa wapi. Sisi kila tuliposikia mlio tulitoka kabisa barabarani tukasimama kwenye majani. Na mashamba yakichomwa kabla ya kuvunwa masizi yanadondoka kama manyoya meusi, yanakaa kwenye mikono, kwenye chupa ya maji, kila mahali. Bebeni kitambaa cha kujifunga puani.

Ukishapita Mkamba ndo safari yenyewe inaanza. Kulia kwako milima ya Udzungwa inasimama ghafla kutoka kwenye tambarare, hakuna vilima vidogo vya kukuandaa, ni msitu umepanda moja kwa moja mpaka kwenye mawingu. Kushoto ni bonde, mpunga, migomba, mashamba ya watu, linafunguka mpaka jicho linachoka. Na barabara inapita hapohapo mpakani, tambarare, lami nzuri, kutoka Kidatu mpaka Ifakara ni karibu kilomita 67 na unakuwa na mlima kulia muda wote. Nendeni asubuhi, nasisitiza, kwa sababu jua linatokea upande wa bondeni linaupiga mlima usoni na unaona kila mti, mchana mlima unakuwa bluu tu na mawingu yanaushukia. Halafu kila baada ya muda kuna kijito kinashuka kutoka msituni, maji baridi, na kina mama wanafua pale chini ya kidaraja wanakuitikia salamu. Mi nilikuwa nasimama karibu kila kijito, mdogo wangu akawa ananiacha mbele ananisubiri.

Tukafika Mang'ula saa saba mchana, kilomita 60 hivi kwa siku, na mtu wa mazoezi ya kawaida anaiweza kabisa. Pale ndo makao makuu ya hifadhi ya taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, na jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba hifadhi yenyewe ni ya kutembea kwa miguu, siyo ya kuzunguka na gari. Siku ya pili tukaziacha baiskeli gesti tukaenda maporomoko ya Sanje na muongozaji. Maji yanashuka mita 170 kwa jumla, kwa ngazi tatu, na ukifika juu unasimama pembeni ya maji unaliona bonde lote la Kilombero ulilopita jana, ile lami yako imekuwa uzi. Njiani tuliwaona mbega wekundu wa kule, na muongozaji akatusimamisha tusikilize sauti ya ng'olaga kwa mbali, kima ambaye wanasayansi walimjua 1979 tu wakati wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Mimi hiyo siku ya kutembea naihesabu ni sehemu ya safari ya baiskeli, usiiruke ili uwahi Ifakara.

Siku ya tatu ndo mambo ya baiskeli. Kutoka Mang'ula unapita sehemu tembo wanayovukia kati ya Udzungwa na upande wa hifadhi ya Nyerere, na wamejengewa njia chini ya barabara ili wasigongwe. Msipite hapo jioni wala alfajiri ya giza, tuliambiwa hivyo gesti na nikaona kinyesi kikubwa pembeni ya shamba la mtu, hakijakauka.

Tumeshapita Kisawasawa, hatujafika Kiberege, tairi langu la nyuma likalala. Mwiba. Nikafungua kimfuko cha chini ya siti, kile ambacho jamaa aliyenikodisha alisema "dada, humo kila kitu kimo". Kulikuwa na vibanio viwili vya kuvulia tairi, gundi iliyokauka kwenye tyubu yake, na pampu. Pampu ni ya valvu nene, kama ya pikipiki. Baiskeli ina valvu nyembamba, ile ya kulegeza kichwa kidogo juu kabla ya kujaza. Yaani hata kama ningekuwa na gundi nzima, hicho alichonipa hakiwezi kujaza upepo kwenye baiskeli yake mwenyewe. Na tyubu ya akiba hamna. Kwa elfu ishirini na tano kwa siku.

Tukasukuma karibu nusu saa mpaka kwenye mwembe, chini yake kuna fundi, mzee wa makamo ya baba yangu, baiskeli tatu zimegeuzwa miguu juu, beseni la maji, na boksi la mbao. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu, pole na jua", akatupa benchi kabla hata ya kuuliza tatizo. Akaivua tairi kwa dakika moja, akaitumbukiza tyubu kwenye beseni akaizungusha polepole mpaka vipovu vikatoka, akaweka alama kwa kijiti cha kiberiti, akapiga msasa, akapaka solusheni, akaipulizia, akasubiri kimya, akabandika kipande alichokata kwenye tyubu kuukuu akakigongagonga na nyundo. Kazi safi. Ila alipoishika valvu akatikisa kichwa. "Hii siyo ya huku, mwanangu." Akasema anaweza kulitanua tundu la rimu kwa tupa aniwekee tyubu ya kawaida, anazo hapo. Nikampigia mwenye baiskeli. Akasema rimu isiguswe, ikiguswa nitailipia. Nikamuuliza sasa nifanye nini, akasema nitafute pampu ya kwake. Nitaitafuta wapi, kwenye mpunga?

Mzee akafikiri kidogo, akachana ukanda mwembamba wa mpira, akauvisha kwenye ile valvu akauzungushia mpaka mdomo wa pampu yake ukabana. Akashika yeye kwa mikono miwili, mdogo wangu akapiga pampu mpaka fulana ikalowa. Upepo ulikuwa unavuja ukisikia ssss, lakini ukaingia wa kutosha kunifikisha. Nikampa elfu tano, akachukua elfu mbili, iliyobaki akampa mdogo wangu akanunue maji.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: nendeni na baiskeli ambayo fundi wa kijijini anaijua. Inchi 26, valvu nene, breki za kawaida za kubana rimu, tairi pana kidogo. Hizo breki za diski za mafuta na magurudumu ya kisasa ni mazuri Dar au Moro ambako duka liko karibu. Bondeni mafundi wapo kila baada ya kilomita chache na wanajua kazi kuliko huyo aliyenikodisha, tatizo ni kifaa ulichowapelekea. Ifakara niliulizia tyubu yenye valvu yangu maduka matatu, hamna, lakini za 26 na 28 zimening'inizwa mpaka nje kwenye baraza.

Na Ifakara yenyewe, aisee, kama unapenda baiskeli utafurahi sana. Kila mtu yuko kwenye baiskeli. Mama na mtoto mgongoni na ndoo kwenye keria, wanafunzi, mzee na gunia la mchele limelala nyuma ya siti, wote mwendo wa taratibu mgongo umenyooka, hakuna anayehema. Tulikula wali wa hukohuko na kambale wa nazi nikaomba tena. Chandarua hakikisheni kipo chumbani, mbu wa bondeni hawana mzaha.

Jioni ya siku ya nne tukaenda mpaka daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, mita 384, lilizinduliwa rasmi 2018, kabla ya kujengwa ilikuwa kivuko tu. Mto ni mpana, umetulia, mitumbwi inarudi na chini watu wanafunga samaki kwenye kamba za ukindu. Muendesha baiskeli mmoja akasimama pembeni yangu, amebeba mkaa magunia mawili, akaitazama baiskeli yangu akaniuliza ile keria yake iko wapi. Sikuwa nayo, mzigo wote nilikuwa nimeubeba mgongoni siku nne.

Nilivyorudisha baiskeli yule jamaa alinikata elfu kumi kwenye dhamana, eti tyubu ina kiraka. Sitakodi tena. Nimenunua yangu, inchi 26, valvu nene, na mwezi uliopita niliipeleka kwa basi mpaka Ifakara wakaniungia keria ya chuma.